Modeli ya ndoa inapogoma: dalili, chanzo na namna ya kuirekebisha

Modeli ya hesabu ya idadi ya watu inayofuata jinsia moja tu, wanawake peke yao au wanaume peke yao, haisumbui. Tangu wanahisabati Sharpe na Lotka walipochapisha kazi yao mwaka 1911, tunajua kwamba viwango vya uzazi na vifo kwa kila umri vikibaki vilevile, idadi ya watu hatimaye hukua kwa kasi moja na mgawanyo wa umri hutulia. Sasa waingize wanawake na wanaume pamoja, utake watoto wazaliwe ndani ya ndoa, uone. Idadi ya ndoa haiamuliwi na wanawake peke yao wala na wanaume peke yao. Inawategemea wote, na hakuna sheria ya maumbile inayotuambia inawategemea kwa namna gani. Kanuni ya kuwakutanisha tunaichagua wenyewe, na karibu kila modeli niliyoletewa ikiwa imegoma, ugonjwa ulikuwa ndani ya kanuni hiyo au kwenye mistari inayoizunguka. Takwimu zilikuwa zimesingiziwa tu.

Kwa hiyo kabla hujaanza kuchokonoa vigezo, tengeneza mfano mdogo ambao jibu lake unalijua kwa kalamu na karatasi. Huu hapa wangu. Nimeutumia miaka mingi na uko huru kuuchukua.

Wanawake wasio na mume ni w, wanaume wasio na mke ni m, na ndoa ni n. Kila ndoa huzaa wasichana a na wavulana b kwa mwaka. Kiwango cha vifo vya wanawake ni u, cha wanaume ni v, na cha talaka ni s. Ndoa mpya kwa mwaka ni F, inayotegemea w na m. Milinganyo yake ni hii, alama ′ ikimaanisha badiliko kwa mwaka:

w′ = a·n − u·w + (v + s)·n − F
m′ = b·n − v·m + (u + s)·n − F
n′ = F − (u + v + s)·n

Umri haumo, kwa hiyo mtoto anaingia kundi la wasio na mwenzi siku ya kuzaliwa. Ni ukatili kwa uhalisia, lakini kwa kusaka makosa unatosha kabisa. Weka a = 0.05, b = 0.0525, u = 0.02, v = 0.025, s = 0.01. Kwa F tumia wastani wa hamoniki, F = 2k·w·m/(w + m), ambapo k ni kigezo cha kasi ya watu kuoana, na k = 0.11375. Anza na w = 4, m = 3, n = 6. F inatoka 0.39, w′ ni 0.04, m′ ni 0.03, n′ ni 0.06. Kila kundi linakua kwa asilimia 1 kamili kwa mwaka, na uwiano wa 4 : 3 : 6 haubadiliki kamwe. Programu yako isipotoa namba hizi kwenye hatua ya kwanza kabisa, usiendelee mbele hata kidogo.

Dalili: jumla ya wanawake hailingani na waliozaliwa na waliokufa

Jumlisha w′ na n′ kwa mkono. F inapaswa kufutika, s ifutike, na v ifutike. Kinachobaki ni a·n − u·(w + n), yaani wasichana waliozaliwa, toa wanawake waliokufa, wawe wana waume au hawana. Fanya vivyo hivyo kwa wanaume. Kama kuna herufi isiyostahili iliyobaki, umeshalipata kosa.

Mara nyingi kosa lenyewe ni la wajane. Mwandishi wa programu anaandika mstari wa wanawake, akili yake iko kwa wanawake, na mkono wake unaandika u·n pale panapotakiwa v·n. Lakini mwanamke anarudi kwenye kundi la wasio na mume kwa sababu mumewe amefariki. Kinachomrudisha ni kiwango cha vifo vya wanaume. Ukibadilisha herufi hizo mbili kwenye mfano wetu, w′ inatoka 0.01 badala ya 0.04, na m′ inatoka 0.06 badala ya 0.03. Maana yake ni kwamba wanawake walioolewa wanakufa kwa kasi ya waume zao, na waume kwa kasi ya wake zao.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba halipigi kelele. Mkunjo unatoka laini, kasi ya ukuaji inaonekana ya kawaida, na u na v zikikaribiana tofauti haionekani kwa macho. Mimi lilinila wiki nzima, kwa sababu nilikuwa nikirekebisha k ili matokeo yafanane na data, na k iliyokosewa ilikuwa inaficha herufi iliyokosewa.

Dalili: ndoa zinalipuka idadi ya watu inapokua, au matokeo yanabadilika ukihesabu kwa maelfu

Chanzo chake ni kimoja: umetumia zao la w na m, F = c·w·m. Wanaotoka kwenye kemia au kwenye modeli za magonjwa huifikia kanuni hii bila kufikiri, kwa kuwa huko molekuli mbili kukutana ni jambo la zao. Tazama inavyofanya hapa. Ili F iwe 0.39 kwenye mfano wetu, c inakuwa 0.0325. Sasa hesabu watu walewale kwa kipimo kidogo mara mia: w = 400, m = 300. Ndoa zilipaswa kuwa 39. Zao linatoa 3,900 kwa mwaka, ilhali wanaume wasio na mke ni 300 tu.

Hata usipobadilisha kipimo, ugonjwa unaingia polepole. Kadiri watu wanavyoongezeka, kila mmoja anapata mwenzi haraka zaidi na zaidi. Kundi la wanaume wasio na mke linakauka, na kasi ya ukuaji inapanda kutoka 0.01 kuelekea 0.0275, ambayo ni b − v. Ukiona kasi inakimbilia namba hiyo, acha kutafuta kwingine.

Tiba ni kudai kwamba ukizidisha w na m kwa namba ileile, F nayo izidishwe kwa namba hiyohiyo. Hilo ni sharti la kwanza. Masharti mengine ni mepesi kuyataja: pasipo wanaume au pasipo wanawake, ndoa ni sifuri, F isiwe hasi, na ongezeko la jinsia yoyote lisipunguze jumla ya ndoa. McFarland aliyapanga masharti ya namna hii mwaka 1972, na Hadeler, Waldstätter na Wörz-Busekros wakayajengea nadharia kamili mwaka 1988. Wastani wa kawaida, nusu ya w + m, unafeli papo hapo: unafungisha ndoa hata kijiji kizima kikiwa na wanawake watupu.

Dalili: namba hasi

Unaendesha modeli, kila kitu shwari, kisha ghafla wanawake wasio na mume ni −3. Wengi huweka kiraka: ikiwa chini ya sifuri, iwe sifuri. Tafadhali usifanye hivyo. Ukibandika sifuri pale, watu wanazaliwa kutoka hewani, na ule ukaguzi wa kwanza tulioufanya kwa mkono unavunjika.

Uliza kwanza F inafanya nini jinsia moja inapoadimika. Chukua w = 1, m = 100, na k = 0.2. Wastani wa kijiometri, k mara kipeuo cha pili cha w·m, yaani 0.2 × 10, unatoa ndoa 2 kwa mwaka, na mwanamke ni mmoja. Kwa kadiri w inavyokaribia sifuri, kasi ya kila mwanamke kuolewa inakwenda kwenye ukomo usio na mwisho. Kwa muda endelevu hesabu bado inaweza kujinusuru, lakini kompyuta inapiga hatua, na hatua moja ndefu inakuvusha sifuri. Wastani wa hamoniki kwa namba hizohizo unatoa 0.396. Kanuni ya kiwango cha chini, k mara iliyo ndogo kati ya w na m, inatoa 0.2.

Zote tatu zinakubaliana w na m zikiwa sawa. Ndiyo sababu watu huzijaribu pale, wakaridhika, na baadaye modeli ikaumbuka vitani, kwenye uhamaji mkubwa, au kwenye rika lolote ambalo jinsia moja imepungua. Jaribu kanuni yako pale inapoumia: 1 kwa 100, na 100 kwa 1.

Mimi hutumia ya hamoniki. Kasi ya kila mwanamke kuolewa haizidi 2k hata wanaume wajae kiasi gani, na hilo linaaminika: wingi wa wachumba haufupishi muda wa kufahamiana kupita kiasi. Kiwango cha chini ni rahisi kueleza, lakini kina kona pale w na m zinapolingana, na njia yoyote ya hesabu inayotegemea mteremko, ile ya Newton kwa mfano, hukwama kwenye kona hiyo au hurukaruka huku na huku. Ukiona programu yako ya kutafuta suluhisho inayumba kati ya majibu mawili bila kutulia, angalia kama w na m zimekaribiana.

Bado namba ni hasi hata kwa hamoniki? Basi ni hatua ya muda. Hatua ikiwa ya mwaka mmoja na 2k ikawa zaidi ya 1, unaweza kuwaozesha watu wengi kuliko waliopo. Punguza hatua, au badilisha kasi ya kuoana, tuiite z, kuwa uwezekano kwa 1 − e^(−z·h), h ikiwa urefu wa hatua. Ukichagua njia hii ya pili kuwa makini: uwezekano wa wanawake na ule wa wanaume ukiuhesabu kila mmoja kivyake, ndoa za wanawake hazitalingana na za wanaume. Hesabu ndoa mara moja, kisha zitoe pande zote mbili.

Dalili: modeli haina msawazo, au msawazo wake unaonekana hauko imara

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu nimeona kazi nzuri zikitupwa bila hatia.

Mtu anaweka w′, m′ na n′ kuwa sifuri, anatafuta suluhisho, anakosa. Au anapata namba zake, anatengeneza matriki ya Jacobi (jedwali la namna kila badiliko linavyoitikia kila kundi), anakokotoa thamani eigeni zake (kasi ambazo mivurugo midogo hukua au hufifia), moja inatoka chanya, na anaandika kwamba mfumo hauko imara. Vyote viwili vinatokana na kusahau lile sharti la kwanza. Kanuni inayozidishika namna ile haina sehemu moja ya kutulia, ina mwelekeo. Watu wanaongezeka au wanapungua milele, na kinachotulia ni uwiano kati ya makundi. Kwa hiyo usitafute nukta, tafuta kasi r ambayo makundi yote matatu yanakua pamoja.

Kuitafuta ni rahisi ajabu. Weka w′ = r·w, m′ = r·m, n′ = r·n, kisha uondoe F kwa kutumia mstari wa tatu. Utapata:

w/n = (a − u − r)/(r + u)
m/n = (b − v − r)/(r + v)

Ziingize kwenye F, na kinachobaki ni mlinganyo mmoja wenye kisichojulikana kimoja: F(w/n, m/n) = r + u + v + s. Upande wa kushoto unashuka r inapopanda, upande wa kulia unapanda. Mikunjo miwili ya namna hiyo haiwezi kukutana zaidi ya mara moja, na kugawa masafa nusu kwa nusu kunakufikisha. Kwa vigezo vyetu, weka r = 0.01: w/n ni 0.02/0.03, m/n ni 0.0175/0.035, yaani theluthi mbili na nusu. Ndiyo 4 : 3 : 6 yetu hiyo.

Mlinganyo huohuo unakupa mpaka wa uhai. Weka r = 0 na utafute k: inatoka takriban 0.0433. Chini ya hapo jamii hii inapungua, ingawa kila ndoa inazaa kama kawaida. Nampenda sana mfano huu kwa wanafunzi, kwa sababu wengi huamini watu wakipungua lazima uzazi ndani ya ndoa umeshuka. Hapa uzazi haukuguswa. Watu wamechelewa tu kupatana.

Na zile thamani eigeni? Kwenye mfano wetu zinatoka 0.01, takriban −0.022 na takriban −0.204. Ile chanya haina kosa lolote, ni kasi ya ukuaji yenyewe, na kwa kanuni ya aina hii thamani iliyo sawa na kasi hiyo itakuwepo kila mara. Uimara unapimwa kwa kuuliza kama zilizobaki ziko chini yake, siyo chini ya sifuri. Ziko chini, kwa hiyo uwiano uko imara.

Toa 0.01 kwenye −0.022 na utajua kitu kingine cha thamani: uwiano ukivurugwa, nusu ya mvurugo inaisha kwa takriban miaka 22. Anayeendesha modeli kwa miaka 20 na kulalamika kwamba haitulii anailaumu bure. Iache ikimbie miaka 150 ndipo mvurugo ushuke chini ya sehemu moja ya mia.

Dalili: hesabu ya akina baba na hesabu ya akina mama zinapingana

Hii ni dalili ya kihistoria na ndiyo iliyowaamsha wanademografia. Mwanademografia Kuczynski alikokotoa kiwango halisi cha kujizalisha, yaani kila mtu anaacha wangapi wa jinsia yake kwa kizazi kinachofuata, kwa Ufaransa ya 1920 hadi 1923. Kwa wanawake alipata 0.977, yaani taifa linapungua. Kwa wanaume alipata 1.194, yaani linaongezeka kwa karibu moja ya tano kwa kila kizazi. Nchi ileile, watoto walewale. Chanzo kilikuwa makaburini: Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imeua vijana wa kiume wengi, watoto wakagawanywa kwa akina baba wachache, na kila baba akaonekana ana uzazi mkubwa. Karmel akalichambua fumbo hili mwaka 1947, Kendall mwaka 1949 na Goodman mwaka 1953 wakaleta modeli za jinsia mbili.

Ukiona pengo kama hilo kwenye matokeo yako, jua kwamba umechukua viwango vya jinsia moja vya wakati fulani na kuvishikilia kama havibadiliki, ilhali vilitegemea uwiano wa jinsia wa wakati ule. Kuamua kwamba wanawake ndio wanaotawala hesabu, kama inavyofanyika kila siku kwenye makadirio ya idadi ya watu, kunakubalika uwiano ukiwa wa kawaida. Ukiwa umevurugika, hapana. Hapo ndipo k ndani ya F inatakiwa ibebe tabia ya watu, na uwiano wa jinsia uachwe ufanye kazi yake wenyewe.

Dalili: ndoa zinaongezeka ukigawanya umri kwa makundi madogo

Ulikuwa na makundi ya miaka mitano, ukaona data inaruhusu mwaka mmoja mmoja, ukabadilisha, na ndoa zikawa mara tano. Nimeliona kosa hili likizikwa chini ya kigezo kipya cha k kilichogawanywa kwa tano, na hakuna aliyejua kwa nini ilikuwa lazima kugawanya.

Chanzo ni kutumia wastani wa hamoniki kwa kila jozi ya umri peke yake: wanawake wa umri i na wanaume wa umri j, ukigawa kwa jumla ya hao wawili tu. Gawanya kila jinsia mafungu sawa g. Jozi ni g mara g, na kila jozi inatoa moja ya g ya ndoa za awali. Jumla inakuwa ndoa za awali mara g. Kosa la ndani zaidi ni kwamba kanuni hii haijui ushindani. Mwanamume wa miaka 30 hapungukiwi na chochote wanaume wa miaka 28 wanapoongezeka, wakati kwa kweli wanagombea wachumba walewale.

Weka kwenye kigawanyo jumla ya wanawake wote na wanaume wote waliomo sokoni, si wa jozi ile tu. Jaribu tena kugawanya: jumla ya ndoa haitikisiki. Na wanaume wa miaka 28 wakiongezeka, kigawanyo kinakua na ndoa za wa miaka 30 zinapungua kidogo. Ushindani huu bado ni wa jumlajumla, kwa kuwa hata wazee wa miaka 70 wanaongeza kigawanyo kwa uzito uleule. Ukitaka usahihi zaidi, wape watu wa kigawanyo uzito kulingana na ukaribu wa umri. Lakini jaribio la kugawanya lifanye kwanza. Ni la dakika tano.

Dalili: wanawake wamezidi wakati jumla ya jinsia ni sawa

Hapa huenda hakuna kosa. Waume wakiwa wakubwa kwa miaka mitano na watoto wanaozaliwa wakiongezeka asilimia 3 kila mwaka, rika la wanawake ni kubwa kuliko rika la waume zao kwa e kwa kipeo cha 0.15, yaani mara 1.16. Toa faida ya wavulana wakati wa kuzaliwa, takriban 105 kwa wasichana 100, na unabaki na wanawake 111 hivi kwa wanaume 100, kabla ya vifo. Vizazi vikianza kupungua asilimia 2 kwa mwaka, mizani inageuka: wanawake 86 kwa wanaume 100. Marekani iliyaona haya wasichana waliozaliwa baada ya Vita Kuu ya Pili walipofika umri wa kuolewa na kuwatafuta waume kwenye marika madogo yaliyowatangulia. Kabla ya kulifuta ongezeko hilo kwenye modeli, hesabu kwa mkono kama ukuaji na pengo la umri vinalieleza. Vikilieleza, modeli yako inasema kweli.

Dalili: sensa inatoa waume 980 na wake 1,000

Modeli ya ndoa za mke mmoja inadai idadi ya ndoa, n, iwe ileile kwa waume na kwa wake. Sababu za tofauti ni nyingi: mwenzi yuko nje ya nchi, wawili wameachana na kila mmoja anajiandikisha kivyake, au mume ana wake zaidi ya mmoja. Kwa mbili za kwanza, chagua n moja na uwapeleke waliobaki kwa wasio na mwenzi au uwatoe. Kwa ya tatu, modeli hii haikufai hata uibane vipi, kwa sababu mwanamume aliyeoa haondoki sokoni. Unahitaji makundi ya wanaume kwa idadi ya wake.

Dalili: vigezo vya umri wa kuoa vinakimbia

Modeli nyingi huchukua mkunjo wa umri wa ndoa ya kwanza kutoka kwa mwanademografia Coale, aliyeonyesha mwaka 1971, akianzia takwimu za Sweden za 1865 hadi 1869, kwamba mkunjo mmoja wa kiwango unatosha ukiuhamisha, ukiuvuta na ukiukuza. Vigezo ni vitatu: umri ndoa zinapoanza, kasi (namba ikiwa kubwa, ndoa zinaenea polepole), na sehemu ya watu watakaowahi kuoa au kuolewa. Unakadiria kwa rika changa, na kompyuta inakuletea sehemu ya 1.4, kana kwamba watu 140 kati ya 100 wataolewa.

Kompyuta haijakosea hesabu. Rika hilo halijafika mbali kiasi cha kutofautisha watu wengi wanaochelewa na watu wachache wanaowahi. Wastani wa umri kwenye mkunjo huu ni umri wa kuanza kujumlisha 11.36 mara kasi. Jaribu: kuanza miaka 15 kwa kasi 0.8 kunatoa 24.1, kuanza miaka 12 kwa kasi 1.06 kunatoa 24.0. Jozi mbili tofauti kabisa, wastani mmoja, na data ya watu wa chini ya miaka 25 haiwezi kukuambia ipi ni ipi.

Funga kigezo kimoja, kwa kawaida umri wa kuanza, kwa kutumia rika la wazee wao, kisha ukadirie viwili vilivyobaki. Halafu jipime: chukua rika lililokwisha kufika miaka 50, lifiche kila kitu baada ya miaka 25, likadirie kana kwamba ni changa, na ulinganishe sehemu uliyoipata na ile unayoijua. Pengo utakaloliona ndilo pengo la kuandika kando ya makadirio yako ya rika changa.